Gofu pembeni ya dampo: tuulize nini kwenye kikao?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Jiji letu lina eneo kubwa limekaa tu jirani na dampo, lenyewe halijawahi kumwagwa taka ila wanatenganishwa na uzio tu, sasa wanafikiria kuweka uwanja wa gofu wa mashimo 18. Wengine wanasema bora hivyo kuliko pori, wengine wanasema ni sumu tupu. Kikao cha wananchi kinakuja, sisi majirani tukaseme nini?

JIBU: Asante ndugu yangu, na nendeni wengi. Kwanza wazo lenyewe siyo la kichaa, kuna viwanja vya gofu vimejengwa juu kabisa ya taka za zamani, siyo pembeni, mfano Granite Links kule Quincy, Massachusetts, na ule wa Ferry Point pale Bronx, New York, uliofunguliwa 2015. Na kwa ardhi ya aina hiyo mimi naona gofu afadhali kuliko nyumba, maana mchezaji anakaa masaa yake manne anaondoka, mwenye nyumba analala pale na watoto kila siku.

Ila hilo neno "halijawahi kumwagwa taka" lisiwalaze usingizi. Uzio unazuia watu, hauzuii gesi wala maji. Taka zikioza bila hewa zinatoa gesi, karibu nusu yake methani na inayobaki nyingi ni kabonidayoksaidi, na hiyo gesi inatembea chini kwa chini kupitia mchanga, nyufa za miamba, hata mitaro ya mabomba. Machi 1986 kijiji cha Loscoe, Uingereza, nyumba iliyokuwa jirani na dampo ililipuka asubuhi mapema na watu watatu waliokuwa ndani wakaumia, gesi ilipita ardhini ikajikusanya chini ya sakafu, na usiku ule presha ya hewa ilikuwa imeshuka kwa kasi kwa hiyo ardhi ikaitoa kwa wingi. Kwenye nyasi za wazi methani inapeperuka na upepo, hatari iko sehemu zilizofungwa, ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inasubiri cheche tu. Sasa uwanja wa gofu una sehemu kama hizo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Jengo la klabu, stoo, kibanda cha pampu, na yale maboksi ya valvu za kumwagilia yaliyofukiwa kwenye nyasi, fundi anafunua mfuniko anainama na sigara mdomoni. Hapo ndipo mtu anaumia.

Kwa hiyo ombi lenu la kwanza kabisa ni hili: vichimbwe visima vya uchunguzi kwenye mpaka wa dampo na kwenye eneo lenyewe, gesi na maji vipimwe msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, na ripoti iwekwe hadharani KABLA ya kura. Wakiwaambia walipima mara moja ikawa safi, kataeni, gesi inabadilika na hali ya hewa, siku moja haitoshi.

Na maji hapa nasisitiza sana. Gofu inamwagiliwa mno na inawekwa mbolea na dawa za wadudu, wakati huo huo dampo kama halina tandiko la chini linalozuia, linavujisha majimaji ya taka ardhini. Baada ya miaka 5 kisima cha mtu kikiharibika, uwanja utasema ni dampo na dampo litasema ni uwanja, na nyie mko katikati na ndoo zenu. Vipimo vya kabla ya ujenzi ndiyo ushahidi wenu pekee, msikubali trekta liingie bila hivyo.

Pesa: huko Ferry Point jiji la New York lilitumia zaidi ya dola milioni 100 kuuandaa huo uwanja. Wenu uko pembeni, gharama zake ni tofauti, lakini ulizeni nani atalipia kupima gesi miaka yote ijayo. Marekani kanuni inataka dampo likishafungwa lisimamiwe miaka 30, jiulizeni kama mwekezaji wenu atakuwepo muda wote huo. Iandikwe kwenye mkataba.

Halafu je, dampo bado linapokea taka? Kama ndiyo, mimi binafsi ningesema subirini lifungwe na lifunikwe vizuri kwanza. Harufu, vumbi, karatasi za plastiki zinazopeperuka, malori, moshi taka zikishika moto, wafanyakazi wa kukata nyasi watavuta hiyo hewa kutwa nzima, siyo masaa manne.

SWALI: Mimi naishi mtaa huo huo. Hatuchezi gofu, sisi tunapata nini?

JIBU: Swali la haki kabisa. Mashimo 18 yanakula hekta 50 na zaidi, ardhi ya umma hiyo. Ulizeni kama mashimo 9 hayatoshi na sehemu inayobaki iwe miti na njia ya kutembea ya wote, ulizeni ajira ngapi ni za kudumu na ngapi ni za msimu. Na hiyo njia ya kutembea ikikubaliwa nayo ipimwe gesi kama kwingine, haswa kwenye vibanda vya kupumzikia na vyoo.