Ukikuta 2147483647 kwenye data zako

Nilitengeneza mfumo mdogo wa kuwekea michango ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa: jina, kiasi, namba ya simu. Siku ya kutuma ujumbe wa kukumbushana marejesho nikakuta wanachama wote, kuanzia mwenyekiti hadi mama wa maandazi, wana simu moja: 2147483647. Nikajua nimedukuliwa.

Wapi! Kosa lilikuwa langu. Safu ya simu niliiweka kuwa namba kamili ya kawaida, ya biti 32 (yaani nafasi 32 za 0 au 1), kwenye MySQL, programu ya kuhifadhi data, kisha nikaingiza namba zinazoanza na 255. Biti moja hubeba alama ya chanya au hasi, zinabaki 31. Zikiwa 1 zote ndiyo unapata 2 kwa kipeo cha 31, toa 1: hiyo hiyo 2147483647. Kinachozidi hapo, toleo langu la zamani lilikishusha kimya kimya hadi kwenye kikomo (ya sasa, usipobadilisha mipangilio yake, hugoma na kukuonyesha kosa). Namba halisi zilishapotea, nikazunguka na daftari nyumba kwa nyumba. Simu ihifadhi kama maandishi, jamani. Hakuna siku utajumlisha simu ya mtu na ya jirani yake.

Nilipopoa hasira nikaichunguza hiyo namba, na kumbe ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Nilidhani ni kwa sababu 31 nayo ni tasa. Usiingie mtego huo: 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2047, yaani 23 mara 89.

Ukitaka kuhakikisha, usianze kugawa kwa 3, 5, 7 ukapanda hivyo hadi kipeuo cha pili, ambacho hakifiki 46341. Nilijaribu kwa kikokotoo, nikachoka mapema mno. Mwanahisabati Leonhard Euler alilimaliza jambo hili mwaka 1772, akiwa St. Petersburg, Urusi, na macho yake yakiwa karibu yamepotea kabisa. Kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kibakize 1 au 63 ukikigawa kwa 248. Basi vya kujaribu havifiki 400, na vingi kati yake unavitupa papo hapo kwa kuwa si tasa: 249 inagawanyika kwa 3, 497 kwa 7, 559 kwa 13. Anza na 311. Kazi ya jioni moja, na ni tamu kuliko inavyosikika.

Kagua na safu za muda. Mfumo unaohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti hizo hizo utajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Tarehe za marejesho ya kikundi chetu bado zimehifadhiwa hivyo. Nitazibadilisha Jumamosi.