Kabla Hujanunua Maiki Mpya, Sikiliza Chumba Chako

Watu wanaorekodi nyumbani wakiniuliza wanunue maiki gani, huwaomba kwanza wanitumie sekunde 30 za sauti zao, na sekunde 10 nyingine za chumba kikiwa kimya. Nikishasikiliza, mara nyingi naona tatizo haliko kwenye maiki.

Kasoro nyingi hujitaja zenyewe ukizipa nafasi. Sauti ikirudi na mwangwi wa kuta tupu, chumba ndicho kinacholalamika. Mvumo wa chini usiokoma ni feni, friji au kompyuta. Kila herufi "p" ikilipuka, unahitaji kichujio cha pumzi, kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, au ugeuze mdomo kidogo pembeni ya maiki. Ukishaijua kasoro, nunua dawa yake tu. Asiyeweza kuitaja kasoro yake asinunue kitu bado.

Kuna marekebisho makubwa yasiyogharimu hata senti: kusogea karibu. Ukipunguza kwa nusu umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako huongezeka kwa takribani desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), huku mwangwi wa chumba ukibaki karibu palepale. Kutoka sentimita 60 hadi 15 utaipata faida hiyo mara mbili. Besi nayo itapanda, maana maiki nyingi za kuimbia hunenepesha sauti ya mtu aliye karibu, lakini hiyo unaipunguza baadaye kwenye programu. Baada ya hapo tundika mablanketi mazito nyuma na ubavuni mwa mwimbaji. Kabati lililojaa nguo nalo husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Vile visponji vyembamba vya kubandika ukutani, ambavyo kila picha ya studio ya nyumbani inavyo, sivishauri. Sponji ya sentimita 2 au 3 hunyonya sauti za juu tu. Wimbi la sauti nzito ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) lina urefu wa mita 3.4 hivi, na sponji hiyo haliitambui kabisa. Matokeo yake ni chumba kilichofifia juu na kinachonguruma chini, na mwenye chumba anaamini amekitibu. Heri fremu chache za mbao zilizojazwa pamba nzito ya madini, unene wa sentimita 10, ukiziachia nafasi kidogo kutoka ukutani.

Sasa maiki. Utasikia kwamba ya dainamiki (ya koili na sumaku) "haisikii chumba" na ya kondensa (ya utando mwembamba unaohitaji umeme) husikia kila kitu. Ukweli ni kwamba ya dainamiki tunaiimbia mdomo ukiwa karibu kuigusa, ndiyo maana chumba hakisikiki sana. Iweke mbali, nayo itakuletea mwangwi vilevile. Halafu angalia ununuzi unaozaa ununuzi: Shure SM7B, maiki ya dainamiki ambayo wengi huitamani, huhitaji geini (kukuzwa kwa mawimbi ya maiki) ya desibeli 60 hivi kwa sauti ya kuongea. Saundikadi ndogo (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta) inaweza kufika mwisho wa uwezo wake na kuanza kutoa mchemko, ile kelele ya "shhh", na hapo utatafuta kiongeza nguvu cha kuweka katikati. Piga hesabu ya vyote viwili kabla hujalipa kimoja.

Saundikadi yenyewe huwa ya mwisho kwenye orodha yangu. Hata za bei ya chini siku hizi hurekodi kwa biti 24, yaani kwa usahihi wa kutosha, na kelele za nyumba huzidi kelele za kifaa kwa mbali. Namba 192 iliyoandikwa kwenye boksi, yaani kilohezi 192 au vipimo 192,000 vya sauti kwa sekunde, isikutoe jasho: sikio la binadamu huishia kwenye kilohezi 20 hivi, na kurekodi kwa kilohezi 48 kunanasa sauti za hadi kilohezi 24, nusu yake. Ibadilishe ikiwa unahitaji matundu zaidi ya maiki, geini haitoshi, au mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa na umeshajaribu kurekebisha mipangilio.

Kwa kusikilizia, natanguliza hedifoni, kisha spika. Spika nzuri ndani ya chumba kibaya zitakudanganya kwa ufasaha zaidi. Hedifoni zilizofungwa ni za wakati wa kurekodi, ili mdundo usivujie kwenye maiki. Zilizo wazi napenda kuzitumia wakati wa kuchanganya, yaani kusawazisha sauti zote za wimbo. Kebo? Iliyochomelewa vizuri inatosha, na moja ya akiba.

Ukiweza, azima au kodi kifaa kabla ya kukinunua. Rekodi maneno yaleyale kwa kifaa cha zamani na kipya, halafu sawazisha ukubwa wa sauti za rekodi zote mbili. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayouza vifaa: iliyo juu kwa desibeli 1 tu huonekana bora hata kama ni ileile. Mwambie mwenzako azicheze bila kukuambia ipi ni ipi. Ukishindwa kuzitofautisha, pesa yako ibaki mfukoni.

Vya mitumba navyo nanunua, ila si vyote kwa moyo mmoja. Maiki ya dainamiki iliyotunzwa hudumu miaka mingi, kwa hiyo naijaribu tu na kuichukua. Kwa saundikadi naulizia kwanza kama draiva zake (programu za kuiwezesha kufanya kazi na kompyuta) bado zinatolewa kwa kompyuta niliyo nayo.