Tumtoe mweka hazina mwanaume ili tupate hela za wafadhili?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni katibu wa kikundi cha wachakataji dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Tuko 25, wanawake 22 na wanaume watatu, na mmoja wa hao wanaume ndiye mweka hazina kwa kuwa amezoea mambo ya benki. Tumesajiliwa halmashauri na tuna VICOBA yetu. Juzi alitujia bwana mmoja wa mjini anayejiita mshauri wa miradi. Anasema Ulaya kuna mabilioni ya "hela za jinsia" kwa ajili ya wanawake, ila misaada inakatwa, kwa hiyo tuwahi. Anataka 600,000 atuandikie andiko la kuomba mradi wa milioni 180, kisha asilimia 10 fedha zikiingia. Katuambia tubadili jina la kikundi liwe na neno "usawa", tuwatoe wale wanaume, na tuseme tutawafundisha haki zao wanawake 2,000. Wenzangu wameshaanza kuchanga. Je, tuendelee?
Katibu wa kikundi, Kibirizi

JIBU: Marahaba, Katibu.

Laki sita msitoe, na waliokwisha kuchanga warudishiwe hela zao kabla ya kikao kijacho. Kisa chenu si kigeni kwangu. Kinanijia kutoka Kakonko, Kasulu, Uvinza. Kinachobadilika ni jina la kikundi na bei ya fundi wa maandiko. Ningeweza kuishia hapo, lakini umegusa jambo linalonikera kuliko yote katika kazi hii ya kupitia maandiko, nalo ni hilo agizo la kuwafukuza wanaume watatu ili kikundi kionekane cha jinsia.

Huyo bwana anadhani mfadhili anahesabu vichwa. Wanawake wakiwa 22 kati ya 22, basi usawa umetimia, hela ziletwe. Imani hiyo imeenea hadi maofisini, na ndiyo inayojaza maandiko sentensi za "asilimia 70 ya wanufaika watakuwa wanawake" bila neno hata moja kuhusu maisha ya hao wanawake. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake wa Beijing ulifanyika 1995, katibu mkuu wake akiwa Mtanzania mwenzetu, Gertrude Mongella, na suala la nani mwenye kauli ya kuamua liliwekwa mezani wakati huo. Miaka thelathini baadaye bado naletewa orodha ya mahudhurio kama ushahidi wa usawa.

Angalia mambo yanavyokwenda huko fedha zinakotoka. Nchi wanachama wa Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya OECD, jumuiya ya nchi tajiri, huupa mradi wanaoupima alama ya usawa wa kijinsia: 0, 1 au 2. Sifuri maana yake mradi ulichunguzwa na haukuonekana kulenga usawa. Moja, usawa ni lengo muhimu mojawapo, lakini si sababu kuu ya mradi kuanzishwa. Mbili, usawa ndiyo sababu yenyewe. Ukiutoa, mradi hauna maana tena. Hakuna alama inayotolewa kwa wingi wa kanga ukumbini. Hata hiyo moja haipatikani mpaka mwandaaji awe amechambua tofauti zilizopo kati ya wanawake na wanaume mahali hapo, akaonyesha mradi utabadili nini. Kisima wanachochota maji wanawake 2,000 kinaweza kabisa kupewa sifuri.

Mabilioni yapo, hilo hakudanganya. Kwa miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 40 ya misaada ya nchi hizo iliyopimwa kwa alama hizo imepata 1 au 2. Ila yenye 2 ni kama asilimia 4 tu, na inayofika kwenye asasi za wanawake zenyewe haifiki hata asilimia 1. Fungu kubwa hupitia serikalini, kwenye mashirika ya Umoja wa Mataifa na kwenye mashirika makubwa ya kimataifa. Mfano wa hapa kwetu ni Programu ya Pamoja ya Kigoma iliyoanza 2017: Norway na Korea Kusini ni miongoni mwa walioweka fedha, mashirika ya Umoja wa Mataifa yakatekeleza pamoja na mkoa na halmashauri, na kati ya maeneo yake kulikuwa na kukomesha ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na kuwawezesha vijana na wanawake kiuchumi. Kwenye dagaa na migebuka kumekuwa na mradi wa FISH4ACP wa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kwa fedha za Umoja wa Ulaya na Ujerumani. Katika mpangilio wa namna hiyo kikundi cha mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, hupata mafunzo, vifaa, chanja za kuanikia, pengine ruzuku ndogo kupitia asasi iliyo juu yake. Milioni 180 haziruki kutoka Ulaya zikatua Kibirizi kwa sababu mtu wa mjini ana Kiingereza kizuri.

Sasa turudi kwa mweka hazina wenu. Umeandika kwamba ni mwanaume "kwa kuwa amezoea mambo ya benki". Katibu, andiko lenu lote liko hapo, na fundi wenu kapita juu yake bila kuliona. Wanawake 22 wanaamka alfajiri kusubiri mitumbwi, wanajua beseni la leo lina tofauti gani na la jana, wanakopeshana na kudaiana kwenye VICOBA bila kukosea hata mia, halafu hakuna hata mmoja anayejua kuweka saini benki? Imekuwaje? Nani aliamua hivyo, na mlikuwa kwenye kikao gani?

Ukishauliza hilo, mengine yanafuata. Mtumbwi ukirudi na dagaa kidogo, nani anauziwa kwanza, na kwa masharti gani? Chanja mnazoanikia ni zenu au mnakodi, na kiwanja chake kina jina la nani? Mvua ikiwakuta dagaa mchangani, hasara inalala kwa aliyevua au kwa aliyeanika? Kwenye kamati ya BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, ya mwalo wenu mwanamke yupo, na akizungumza anasikilizwa, au kazi yake ni kuandika muhtasari? Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nani aliendelea kuwa na kitu cha kuuza, na VICOBA yenu iliendeshwaje wakati wanachama hawana biashara? Mtu anayepitia maandiko akikutana na kurasa mbili zenye majibu ya maswali haya, atainua kichwa. Sentensi ya "wanawake wengi wanakabiliwa na changamoto mbalimbali" ameshaisoma asubuhi hiyo mara kadhaa.

Mkiwafukuza wale watatu, hamjajibu hata swali moja kati ya hayo. Mwanamke mmoja ataandikwa mweka hazina, na siku ya kwenda benki atasindikizwa na mumewe au na huyohuyo mzee mliyemtoa. Nimekuta vikundi vya wanawake watupu ambavyo kitabu cha benki kinalala chumbani kwa mume wa mwenyekiti. Kwenye hati ni kikundi cha wanawake mia kwa mia. Muulize mwanachama salio ni kiasi gani, anakutazama kama umemuuliza umri wa mama mkwe wake.

Kwa hiyo mwacheni mzee wenu aendelee na uweka hazina, kama ni mwaminifu. Itisheni kikao, chagueni wanawake wawili waingie kwenye saini, mzee awafundishe, na katiba iseme hakuna hela inayotoka benki bila saini ya mwanamke mmojawapo. Kila mwezi salio lisomwe mbele ya wanachama wote. Hayo hayahitaji mfadhili, na mkiyaweka kwenye muhtasari yatawasaidia kuliko jina jipya la kikundi.

Tena hilo la jina ni hatari, msilifanyie mchezo. Jina kwenye hati ya usajili, kwenye katiba na kwenye akaunti lazima lifanane. Mkibadili moja, mnajikuta na hati za kikundi kimoja na hela za kikundi kingine. Na je, fundi wenu alitaja kwamba asasi zisizo za kiserikali zina sheria yake ya 2002 na Msajili wake, na kwamba kwa kanuni zilizotoka 2018 mkataba wa ufadhili unaozidi milioni 20 unatakiwa kupelekwa Hazina na kwa Msajili? Nyinyi ni kikundi cha halmashauri. Milioni 180 mngezipokea kwa kofia ipi?

Hiyo milioni 180 yenyewe inawaumbua. Kitu cha kwanza ninachofungua kwenye maombi ni taarifa ya benki ya mwaka uliopita. Akaunti ikiwa imezungusha milioni nane au tisa kwa mwaka, halafu mwombaji anataka mara ishirini yake na ahadi ya kuwafikia watu 2,000, faili linafungwa. Hakuna anayekwenda hadi kwenye viashiria. Mara nyingi andiko lenyewe limenakiliwa. Nimesoma la kikundi cha mwambao huu wa Tanganyika ambalo likifika katikati linaanza kueleza shida za wavuvi wa Ziwa Victoria. Kikundi kilililipia hilo, na nina hakika hakuna mwanachama aliyelisoma, kwa sababu liliandikwa kwa Kiingereza na wao wakapewa ukurasa wa kusaini.

Na asilimia 10? Nionyeshe mstari wa bajeti utakaoibeba. Haupo. Ruzuku inatolewa kwa shughuli zilizoandikwa kwenye mkataba, na kumgawia mwandishi wa andiko si mojawapo. Ili milioni 18 zimfikie, itabidi ziandikwe warsha ambayo haikufanyika, washiriki wasiokuwepo na stakabadhi za ukumbi ambao hamjawahi kuingia. Mkaguzi akija, saini zitakazokuwa kwenye hati za malipo ni za mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Yeye hamtaiona saini yake popote.

Hapa naomba na vikundi vingine visome, kwa sababu hali hii itazidi. Misaada inakatwa kweli. Marekani ilifunga USAID, shirika lake la misaada, Julai 2025. Uingereza imetangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Sweden, iliyokuwa ya kwanza mwaka 2014 kutangaza sera ya nje ya kifeministi, yaani inayotanguliza haki za wanawake, iliiacha 2022. Hela zikipungua mfadhili anakuwa mkali zaidi na waombaji wanakuwa wengi zaidi, kwa hiyo "wahini" ni neno la mfanyabiashara. Wengine wanaolisema ni watu waliokuwa kwenye miradi iliyofungwa. Wanayajua maneno yote, wanajua hata rangi ya vifuniko vya ripoti, na sasa wanauza wanachokijua kwa watu wasioweza kukipima.

Hawaji wote na andiko. Kuna wanaotuma ujumbe kwamba mmeshinda ruzuku, mtoe ada ya kufungulia faili. Kuna wanaokusanya namba za NIDA na picha za wanachama "kwa ajili ya mfumo". Na kuna hili ambalo limezoeleka mpaka watu hawalioni tena: mnaitwa kwenye semina ya siku moja kuhusu haki za wanawake, mnapewa soda na nauli, na karatasi ya mahudhurio inayozungushwa ina safu ya kiasi kilichopokelewa ambayo iko wazi. Wanawake wanasaini kwa sababu gari linasubiri. Baadaye safu inajazwa kiasi wasichokiona, na idadi yao inakwenda kwenye ripoti kama wanawake waliowezeshwa. Msisaini safu tupu, hata mwezeshaji akinuna.

Kama mnahitaji mtaji wa chanja na mifuko ya kufungashia, anzeni na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo nne ni za wanawake; ulizeni kwanza kama kikundi chenye wanaume watatu kinahesabika humo. Ni mkopo usio na riba, si zawadi. Ilisimamishwa 2023, na iliporudishwa 2024 Kigoma Ujiji ilikuwa kati ya halmashauri kumi zilizochaguliwa kuujaribu utaratibu wa kupitishia benki, kwa hiyo waweka saini wanaojua wanachosaini wanahitajika sasa hivi. Kwa ruzuku za haki za wanawake, fuatilieni matangazo ya Mfuko wa Wanawake Tanzania na ya Foundation for Civil Society. Kuomba hakulipiwi. Andikeni wenyewe, kwa maneno yenu ya mwaloni, na kijana wenu mmoja aliyesoma anyooshe.

Jambo la mwisho, tena la haraka. Kama huyo bwana ameshachukua nakala ya katiba, hati au orodha ya wanachama, mwandikieni barua ya kumkataza kuzitumia, nakala kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, igongwe muhuri siku hiyohiyo na ibaki kwenye faili lenu. Inawezekana jina la kikundi chenu tayari limo kwenye andiko la mtu mwingine.