Mabaraza Mawili Yakivutana, Nani Hushinda?

SWALI: Baraza la chini la bunge ndilo tunalolichagua moja kwa moja, na bajeti hupita huko. Baraza la juu lina kazi gani hasa? Yakikosana, neno la mwisho ni la nani?

JIBU: Tuanze na hilo la mwisho. Kwenye maandishi majukumu hufanana karibu kila mahali: kupitia upya miswada, kuwakilisha majimbo, kuihoji serikali. Uzito wa baraza hujulikana siku linapokataa.

Malodi wa Uingereza, yaani wajumbe wa baraza lake la juu, wanaweza kuchelewesha tu. Sheria ya 1911 iliwaondolea uwezo wa kuua miswada mingi, na ile ya 1949 ikapunguza ucheleweshaji hadi takriban mwaka mmoja. Muswada wa fedha hawauzuii zaidi ya mwezi. Ila muswada ulioanzia kwao hauna kinga hiyo, wakiukataa, umekufa. Ndiyo maana serikali inayonusa ubishi huuanzishia baraza la chini.

Ufaransa hutafuta suluhu kwanza. Muswada ukikwama baada ya kusomwa mara mbili kila upande (mara moja ukiharakishwa), huweza kuitishwa kamati ya wabunge 7 na maseneta 7 (wajumbe wa baraza la juu). Ikishindikana, serikali inaweza kuliomba Bunge la Taifa, yaani baraza la chini, liamue. Njia hiyo haitumiki kubadili katiba.

Marekani haina mlango wa nyuma kama huo: bila mabaraza yote mawili kupitisha maandishi yale yale, hakuna sheria. Tena kila jimbo lina maseneta 2, liwe na watu wengi au wachache, na mikataba na mataifa mengine huhitaji theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria.

Wala si lazima kukataa. Mwaka 1975 Seneti ya Australia iliahirisha tu kura ya fedha za serikali. Mvutano huo ukaishia kwa Gavana Mkuu, mwakilishi wa mfalme au malkia wa nchi hiyo, kumwondoa Waziri Mkuu Gough Whitlam.

Je, baraza la juu ni lazima? Hapana. Denmark ililifuta mwaka 1953 na sheria zinaendelea kutungwa. Kwa maoni yetu, pasipo majimbo ya kulindwa, baraza la juu lenye wingi wa chama kilekile cha baraza la chini ni muhuri wa gharama kubwa. Ukitaka kulipima la nchi yoyote, fungua katiba utafute kwanza kifungu cha miswada ya fedha, kisha kile cha kumaliza mkwamo.