Mwekezaji akija na mashine, ulizia na ufundi wake

Mwezi wa tatu, mvua zinapiga Mtwara, mashine yetu ya kusaga chupa za plastiki ilisimama wiki tatu. Haikuharibika. Visu vilikuwa butu, na aliyejua kuvinoa na kuvifunga alikuwa kwao ng'ambo, likizo. Kina mama wa Chikongola waliokuwa wakituuzia makopo kwa kilo waligeuza na viroba vyao kichwani. Mimi ndiye niliyesimama getini kuwaambia, na bado inaniuma.

Mgeni yule aliporudi nikaomba nimshikie taa. Kati ya kisu kinachozunguka na kile kilichotulia alipitisha kipimo chembamba cha chuma, hakifiki hata nusu milimita. Kikipita kwa kukwaruza kidogo, anakaza boliti. Nafasi ikizidi hapo mashine haikati, inatafuna: chenga zinapata joto, vumbi linakuwa jingi, mnunuzi anashusha bei. Kazi yenyewe ilimchukua asubuhi moja. Hakutuficha kitu, hakuna aliyewahi kumwambia atufundishe.

Basi wewe utakayekaa mezani na mwekezaji, uwe Mtwara au Lindi, usiishie kuuliza ajira ngapi. Uliza nani atanoa visu mwaka wa pili. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri anayemwombea mgeni kibali cha kazi aandae mpango wa kurithisha ujuzi huo kwa Watanzania. Omba kuuona. Mpango huo uwe na jina la kijana, kazi atakazojifunza, na tarehe atakayozifanya peke yake, mgeni akiwa pembeni anatazama. Mpango usio na jina la mtu mimi siuhesabu.

Ujuzi wa kuchambua nao usiudharau. Kwenye beseni la maji, chenga za chupa ya maji huzama, za kifuniko huelea. Lakini PVC, plastiki ya mabomba ya maji, nayo huzama, kwa hiyo itoeni kwa mkono mapema. Ikifika kwenye joto la kuyeyushia chupa, huungua na kutoa asidi inayokula mtambo. Haya yaandikeni kwenye daftari, kwa Kiswahili, likae karakanani.

Na dai seti ya pili ya visu kabla mashine haijawashwa, ili moja ikinolewa nyingine iwe kazini.