Amri za IRC na FTP zimenitoka, nizishike vipi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ofisini nimekabidhiwa seva ya zamani inayotoa faili kwa FTP (njia ya kuhamisha faili mtandaoni), na mafundi wa programu huria tunayotumia wanapatikana IRC tu (mazungumzo ya maandishi mtandaoni). Amri hizi nilizijua nikiwa chuoni, sasa zimenitoka. Nachanganya get na put, na nikituma faili kwa DCC, yaani njia ya IRC ya kutumiana faili moja kwa moja, halifiki. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Usikariri orodha. Kabla ya kuandika amri yoyote jiulize inafanya kazi upande gani, kwako au kule kwenye seva.

FTP imetungwa kwa macho ya aliyekaa mbele ya kibodi. Kwa get unaleta kwako, kwa put unapeleka kwao. Amri ya cd inahamisha folda ya seva. Ukitaka kuhama folda kwenye kompyuta yako, ongeza herufi l mbele, iwe lcd. Ukitaka faili nyingi kwa mpigo andika mget *.zip, lakini tanguliza prompt, la sivyo utaulizwa ndiyo au hapana kwa kila faili. Kuaga ni bye.

Amri ninayokusihi usiisahau ni binary. Ftp iliyomo ndani ya Windows huanza katika hali ya maandishi, ambayo hubadilisha alama za mwisho wa mstari faili likiwa njiani. Hati ya maandishi matupu haidhuriki, ila zip au picha inafika imeharibika, na watu wanalaumu mtandao bure. Ukishaingia tu, andika binary. Na kama umeingia vizuri lakini ls inaganda, mara nyingi ni seva inajaribu kukurudia kwa muunganisho mpya na ruta yako inaukataa. Dawa yake ni passive, hali ambayo kompyuta yako ndiyo inayoanzisha kila muunganisho. Ftp ya Windows haina hali hiyo, kwa hiyo hapo tumia programu ya FTP iitwayo FileZilla.

IRC, aliyoianzisha Jarkko Oikarinen huko Finland mwaka 1988, ina kanuni moja kubwa: mstari unaoanza na mkwaju (/) ni amri, usioanza nao unasomwa na chaneli nzima, yaani chumba kizima cha mazungumzo. Kuingia ni /join #chaneli, kutoka ni /part, kumnong'oneza mtu ni /msg jina ujumbe, kujua ni nani ni /whois jina, na kuondoka kabisa ni /quit. Kuwa makini sana na /msg NickServ identify nenosiri, amri ya kuthibitisha jina lako kwa NickServ, huduma inayolinda majina. Nafasi moja tu ikitangulia mkwaju, programu nyingi huutuma mstari huo kama mazungumzo, na nenosiri lako linaanikwa mbele ya wote. Amri hiyo iandike kwenye dirisha la seva, si la chaneli. Unganisha pia kwa poti (mlango wa mtandao) 6697, ambayo kwa kawaida husimba mawasiliano, badala ya 6667.

Sasa hiyo DCC. Ukiandika /dcc send jina faili, faili halipiti kwenye seva ya IRC. Kompyuta yako inafungua poti, kisha inamtumia mwenzako anwani yake ikiwa namba moja ndefu. Ikiwa yako ni 192.168.1.5, anaweza kupokea 3232235781. Hiyo ni anwani ya ndani ya ofisi yenu, naye aliye nje hawezi kuifikia hata akiandika /dcc get mara ngapi. Anayetuma ndiye anayepaswa kufikika, kwa hiyo ruta yako inahitaji kufunguliwa poti na programu yako ielezwe anwani ya nje. Kwa bando la simu usijisumbue, kwani mara nyingi anwani ya nje mnaitumia wateja wengi pamoja. Mwombe mwenzako akupe mahali kwenye seva yake, upakie kwa put.

Kwa seva yenu, mwombe msimamizi awashe sftp, njia salama ya kuhamisha faili. FTP ya kawaida hupitisha nenosiri wazi mtandaoni, lakini sftp husimba kila kitu, inatumia poti 22 peke yake, na cd, lcd, get na put zinabaki zile zile.