Unatengeneza thrasta? Mota usiizibe, iache ilowe

Kila anayetaka kutengeneza thrasta, yaani mota yenye rafadha (propela) ya kusukuma chombo chini ya maji, huanza na swali moja: mota niizibe vipi maji yasiingie? Jibu langu halijabadilika. Usiizibe. Kama ni mota isiyo na brashi, acha maji yapite ndani yake huku ikizunguka, kisha juhudi na pesa zako zipeleke kwenye vitu vichache ambavyo chumvi huvila.

Mota ya brashi hupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka kwa vipande vya kaboni vinavyosugua shaba. Maji ya bahari yakifika pale, umeme huvuja na shaba huliwa haraka. Ndiyo maana lazima ifungiwe ndani ya kopo lenye sili ya mpira kwenye shafti, na sili hiyo ndiyo huchoka kwanza: mchanga huisaga, na kila mita 10 unazoshuka huongeza shinikizo la anga moja zima. Mota isiyo na brashi haina mahali pa kusuguana namna hiyo. Koili zake zimetulia, waya umepakwa enameli, na kinachozunguka ni sumaku tu. Maji yakiwa ndani na nje, shinikizo linalingana, na maji hayohayo huipoza mota. Kampuni ya Blue Robotics ya California imejenga thrasta zake juu ya wazo hili tangu 2014. Ile ya T200 husukuma kwa nguvu ya karibu kilo 5 ikipewa volti 16.

Mimi nipo Tanga, na thrasta zangu ziko kwenye roboti ndogo yenye kamera ninayoitumia kukagua minyororo ya maboya na matumbo ya boti. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya maji ya chumvi. Kwa ziwani mengi yatakuwa mepesi zaidi.

Kwenye kununua mota, tazama namba ya KV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja mota ikiwa haijabebeshwa mzigo. Mota za droni ndogo huwa na KV ya 2000 na zaidi. Hizo ziache. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na rafadha ikilazimishwa kwenda kasi hiyo itavuta ampea nyingi bila msukumo wa maana. Kwa betri ya volti 12 hadi 16, tafuta KV ya 300 hadi 500, mota iwe pana kuliko ilivyo ndefu, na ganda lake la nje ndilo lizunguke.

Sasa kazi yenyewe ya kuilinda. Toa ganda lenye sumaku, osha koili kwa spiriti mpaka mafuta yote yatoke, kisha paka epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu) nyepesi iliyopashwa joto kidogo ili ipenye hadi katikati ya nyuzi. Zungusha koili polepole mpaka epoksi ishike, la sivyo itajikusanya upande mmoja. Nafasi kati ya koili na sumaku huwa chini ya milimita moja, kwa hiyo tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Chuma cha katikati kinachoshika koili nacho kipakwe, kwa sababu hushika kutu upesi. Kama una fundi wa kusuka mota mtaani kwako, mpelekee. Ana vanishi, ana uzoefu wa mkono, na wengi wao wana mita ya kupimia uvujaji wa umeme. Asipokuwa nayo, loweka koili kwenye maji ya bahari usiku kucha, kisha pima kwa mita ya kawaida, kwenye kipimo kikubwa kabisa cha omu, kati ya waya mmoja wa mota na yale maji. Mita ikionyesha kwamba umeme unapita hata kidogo, rudia kupaka.

Sumaku zinadanganya macho. Zinang'aa kwa sababu zimepakwa nikeli nyembamba, lakini mkwaruzo mmoja tu unatosha: kutu huingia, sumaku huvimba na kuanza kugusa koili. Zipake epoksi pia. Beringi za chuma zing'oe kabisa, hata zile zinazouzwa kwa jina la kutoshika kutu, na mahali pake weka bushi za plastiki, yaani vipande vyenye tundu ambamo shafti huzunguka. Mimi huzichonga kutoka kwenye ule ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama. Maji ndiyo grisi yake. Kwa sababu hiyo usiizungushe mota ikiwa kavu ila kwa sekunde chache za kujaribu. Shafti iwe ya chuma cha pua cha daraja la 316.

Jambo ambalo watu hulipuuza ni waya. Maji hupanda kati ya nyuzi za shaba, ndani ya ngozi ya plastiki, kama mafuta ya taa kwenye utambi, mpaka yafike kwenye kidhibiti kasi, kile kifaa kinachoendesha mota, kilichofungiwa kwenye boksi kavu. Boksi halina tundu, na bado ndani kuna maji. Menya kipande kidogo cha kila waya kabla haujaingia kwenye boksi, jaza solda kati ya nyuzi, kisha funika pale kwa epoksi.

Hicho kidhibiti, madukani huandikwa ESC, kichaguliwe kwa makini. Vya ndege za kuchezea huzungusha upande mmoja tu. Vya magari ya kuchezea hurudi nyuma, ila hufunga breki kwanza, na ucheleweshaji huo hukera sana majini. Tafuta chenye programu inayoruhusu pande zote mbili bila breki. Ukihitaji urefu, refusha zile waya tatu za mota. Waya za betri ziwe fupi, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Betri ya lithiamu ikiingiwa na maji ya chumvi inaweza kushika moto, kwa hiyo boksi lake ndilo la kuzibwa kwa umakini wote.

Msukumo upime mwenyewe kwa wenzo wenye mikono miwili sawa, mmoja ukishika thrasta majini na mwingine ukivuta mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki. Pima baharini au kwenye bwawa kubwa, maana kwenye pipa maji huzunguka na kuharibu kipimo. Andika na ampea. Utaona kwamba ukipunguza msukumo hadi nusu, umeme hushuka hadi karibu theluthi, ndiyo sababu napendelea thrasta mbili zinazokwenda taratibu kuliko moja inayokazwa mpaka mwisho. Rafadha za hizo mbili ziwe pacha zinazopingana, moja ya kulia na nyingine ya kushoto, ili chombo kisipinde. Mota inayozunguka kinyume na unavyotaka, badilishana waya zozote mbili kati ya zile tatu. Na kila ukitoka baharini, zizungushe kidogo ndani ya ndoo ya maji yasiyo na chumvi kabla chumvi haijakauka.